Usimnyang'anye Kiswahili ili apate Kiingereza

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu. Tulikimbia Bukavu Februari 2025 mji ulipotekwa, sasa tuko Nakivale, Uganda. Baba yao hatujui alipo. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 14. Kule nyumbani alikuwa amemaliza darasa la sita kwa Kifaransa na kuanza la saba, na kwenye hesabu alikuwa anaongoza. Hapa wamemweka P4, yaani darasa la nne, na watoto wa miaka 10 kwa sababu hajui Kiingereza. Haongei darasani. Mwalimu wake aliniita akasema labda mtoto ana tatizo la akili. Mvua ikipiga mabati anatoka mbio. Sasa anasema shule hataki tena, anataka kwenda kubeba mizigo sokoni.*

*Wa pili ni msichana wa miaka 9. Yeye Kiingereza amekishika upesi, mpaka ananitafsiria nikienda zahanati. Mdogo ana miaka 5. Shemeji yangu anasema kosa ni langu kwa kuwa nawaongelesha Kiswahili, kwa hiyo tangu mwezi uliopita nimepiga marufuku Kiswahili na Kifaransa nyumbani. Mimi mwenyewe Kiingereza sikijui. Nyumba imekuwa kimya. Kuna kijana anafundisha kwa malipo, lakini itabidi niuze sehemu ya chakula. Nifanye nini nisiwapoteze watoto wangu?*

*Mama wa watatu, Nakivale*



Mama, pole kwa Bukavu, pole kwa mume ambaye hujui alipo, na hongera kwa kuwafikisha watoto wote watatu salama. Umeuliza mengi na nitayajibu, ila lipo moja lisilosubiri. Leo jioni, kabla hawajalala, waite watoto uwaambie marufuku imekwisha. Kiswahili kirudi ndani ya nyumba, Kifaransa nacho kirudi, na atakayetaka kusema Kiingereza aseme.

Shemeji yako hana nia mbaya. Mawazo yake wanayo wazazi wengi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, watu wenye nyumba zao na amani yao: kwamba lugha ya nyumbani inakula nafasi ya Kiingereza kichwani mwa mtoto. Akili haifanyi kazi hivyo. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti ya wataalamu wakisisitiza kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoielewa. Baadaye Jim Cummins, msomi wa Kanada, akaeleza kwamba ujuzi ambao mtoto ameupata kwa lugha moja huhamia katika lugha nyingine. Aliyejua kusoma kwa Kifaransa hafundishwi kusoma upya, anafundishwa maneno mapya. Aliyejua kugawanya kwa Kifaransa anajua kugawanya, basi. Anachokosa ni namna ya kulisema jambo hilo mbele ya mwalimu asiyejua Kifaransa.

Na hata kama shemeji angekuwa sahihi, wewe Kiingereza hukijui. Kwa kuwakataza Kiswahili hukuwapa Kiingereza, umewapa ukimya. Mtoto aliyekimbia vita ana mambo ya kusema ambayo hata mtu mzima angeshindwa kuyasema kwa lugha ya kigeni. "Naogopa." "Nimemwota baba." "Leo wamenicheka." Akikosa mahali pa kuyasemea nyumbani kwa mama yake, atayabeba mpaka darasani, na huko ndiko atakakoonekana mjinga. Mwaka 2016 British Council walitoa ripoti kuhusu lugha na watoto wa wakimbizi wa Syria. Wao kazi yao ni Kiingereza, lakini waliiweka lugha ya nyumbani katika msingi wa yale yanayomsaidia mtoto kusimama tena.

Tuje kwa kijana wako.

Mwalimu aliyekuambia kwamba ana tatizo la akili amekosea. Nasema hivyo nikijua mzigo alionao; katika shule za makazi ya wakimbizi, darasa la watoto zaidi ya 100 si jambo la ajabu. Lakini mtoto aliyeongoza hesabu Bukavu hakuzisahau alipovuka mpaka. Mpe karatasi umwambie agawanye 156 kwa 12. Utamwona anaandika 156 kushoto, anapiga mstari wa wima, anaandika 12 kulia, na jibu lake, 13, analiweka chini ya ile 12. Ndivyo wanavyofundishwa Kongo, kwa utaratibu ulioachwa na Wabelgiji. Uganda, sawa na Kenya na Tanzania, 12 inakaa kushoto na 13 inapanda juu ya mstari. Mwalimu anayepitia madaftari mia kwa saa moja anaona tarakimu zisizokaa mahali pake, anatia alama ya kosa, anafungua daftari linalofuata. Halafu kijana akiandika tatu na nusu anaweka mkato, 3,5, kama alivyofundishwa; hapa wanataka nukta, 3.5. Kosa lingine jekundu. Jibu ni sahihi, mtoto ni mzima, na alama ni sifuri.

Makosa ya namna hii yanasahihishwa kwa alasiri moja, mradi awepo mtu wa kumwambia kwa Kiswahili: hesabu yako ni ileile, hapa wanaipanga hivi. Mwombe kijana yeyote Mkongomani aliyefika sekondari hapo Nakivale amwonyeshe.

Baada ya hapo mtafutie daftari moja, kila ukurasa mgawe safu tatu: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Kila siku aingize maneno machache ya masomo aliyokutana nayo. Nataka ayaone mwenyewe haya: addition, multiplication, division, fraction, angle, triangle, digestion, respiration, animal, village, nation, question. Yote hayo yanaandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Si bahati tu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Maelfu ya maneno yalibaki. Kijana wako anayeambiwa hajui Kiingereza tayari ana mamia ya maneno ya Kiingereza machoni, na yale magumu hasa, ya sayansi na hesabu. Tatizo liko kwenye matamshi, maana akiyasoma anayasoma Kifaransa, na darasa zima linaangua kicheko. Kijana wa miaka 14 akichekwa na watoto wa miaka 10 hafungui mdomo tena. Yapo pia machache yanayodanganya: "librairie" ya Bukavu ni duka la vitabu, ila "library" ya Uganda ni maktaba. Hayo ayawekee alama ya pembeni.

Kwa hiyo umwombe mwalimu, kwa upole, mambo mawili. Asimwite kusoma kwa sauti kwa muhula huu. Na amwite ubaoni wakati wa hesabu, baada ya kufundishwa ule mpangilio mpya. Watoto wakiona mkono wake unafanya kazi ubaoni, kicheko kitapungua.

Ukimya wake lakini una sura mbili, na inabidi uzitenganishe. Wapo watoto wengi ambao wakiingia katika lugha ngeni hunyamaza kwa miezi. Wanasikiliza, wanakusanya, siku moja wanaanza kusema. Huo si ugonjwa na dawa yake ni subira. Mvua ya mabati ni jambo jingine. Sauti ile inafanana na ile aliyoikimbia, na mwili wake unainuka kabla kichwa hakijafikiri. Mtoto ambaye mwili wake unasubiri risasi hana pa kuyashika maneno ya Kiingereza, hata akifundishwa na mwalimu bora kuliko wote. Mwombe mwalimu amkalishe ukutani karibu na mlango, mahali anapoona nje, na wakubaliane kwamba mvua ikianza anaweza kutoka akasimama barazani, kisha akarudi bila kuchapwa wala kuulizwa. Nyumbani, mvua ikinyesha, kaa naye, umweleze waziwazi ni nini anachosikia na mko wapi sasa. Saa za kula, za kusoma na za kulala ziwe zilezile kila siku, kadiri inavyowezekana. Kwa mtoto wa vita, kujua kitakachofuata ni nusu ya utulivu. Na kusoma kuwe kufupi, dakika 20 hivi, maneno yaleyale yarudiwe kesho na keshokutwa.

Ila kama halali usiku, kama anaota vibaya kila mara, kama hata Kiswahili hataki kukisema nawe kwa wiki kadhaa, mwone VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, wa eneo lenu au uende kituo cha afya, uulize kuhusu ushauri nasaha kwa watoto waliopitia vita. Huduma hiyo ipo katika makazi ya wakimbizi Uganda, nayo si ya vichaa. Nenda na mtu mzima wa kukutafsiria.

Hapo ndipo ninapofika kwa binti yako, na pengine utashangaa: yeye ananitia wasiwasi kama kaka yake.

Kwanza, mtoto wa miaka 9 asitafsiri zahanati. Anasikia maradhi ya mama yake, anachagua la kusema na la kuficha ili mama asiumie, anabeba jambo la watu wazima. Mshukuru, msifu, kisha umpumzishe kazi hiyo. Omba mkalimani mtu mzima, na kama muuguzi anajua Kiswahili, sema naye Kiswahili.

Pili, Kiingereza chake cha uwanjani kinaweza kuwadanganya wote. Cummins alikadiria kwamba maongezi ya kawaida mtoto huyapata kwa miaka 2 hivi, lakini Kiingereza cha vitabuni na cha mitihani humchukua miaka 5 hadi 7. Kaka yake alisoma miaka sita kwa utulivu, misingi anayo. Yeye alikatizwa akiwa darasa la pili au la tatu, kabla kusoma hakujashika kwa lugha yoyote. Mpime hivi: achukue kitabu chake cha shule, asome ukurasa mmoja, kisha akueleze kwa Kiswahili ukurasa ule unasema nini. Wewe huhitaji kujua Kiingereza kumpima, utasikia tu kama anasimulia au anababaisha. Akibabaisha, mfundishe kusoma Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, ambacho kinasomwa kama kinavyoandikwa na ambacho maana yake anayo tayari. Akiisha kusoma hadithi nzima kwa Kiswahili bila kukwama, Kiingereza kitapata mahali pa kushikilia.

Vitabu visikutishe kwa bei. Ipo hazina ya hadithi inayoitwa African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, inayosomwa bure kwenye simu. Hadithi zake nyingi zipo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na nyingine kwa Kifaransa, zenye picha zilezile na ukurasa kwa ukurasa. Simu ya jirani na bando dogo vinatosha. Leo asome ya Kiswahili, kesho hiyohiyo kwa Kiingereza. Redio nayo itumie namna hiyo: wasikilize habari za Kiswahili jioni, kisha za Kiingereza, wakishajua habari ni ipi, masikio yanaanza kuokota maneno. Na yule mdogo wa miaka 5 mwache na hadithi zako, nyimbo na vitendawili. Kwa umri wake hiyo ndiyo shule.

Kila jioni, kabla ya chakula, wale wakubwa wawili wakueleze kwa Kiswahili jambo moja walilofundishwa kwa Kiingereza. Uulize kama mtu asiyejua, kwa sababu kweli hujui, na wao watalazimika kulielewa ili wakueleze. Kijana umpe kazi ya kumfundisha dada yake hesabu. Anadharauliwa mchana kutwa. Nyumbani awe mwalimu.

Sasa darasa lenyewe. P4 si hukumu ya mwisho. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi kama ya raia, na kumpanga darasa ni uamuzi wa shule, unaoweza kutazamwa upya. Akiendelea na P4 hii, atafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akiwa na miaka 17, na mtihani huo una masomo manne tu, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, yote kwa Kiingereza. Uliza kama karibu nanyi, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, kuna madarasa ya AEP, yaani elimu iliyoharakishwa kwa watoto waliozidi umri. Huko P4 na P5 husomwa mwaka mmoja, P6 na P7 mwaka mmoja. Angefika PLE mapema zaidi, tena akiwa na wenzake wa rika lake, jambo ambalo kwa kijana wa miaka 14 lina uzito kuliko tunavyodhani. Kama hayapo, nenda kwa mkuu wa shule umwombe ampe kijana mtihani wa hesabu peke yake, wa tarakimu bila maelezo marefu. Na kama kuna jamaa aliyebaki Bukavu mwenye kuweza kufika shuleni kwake bila hatari, apige picha bulletini yake ya mwisho, yaani ripoti ya alama, aitume kwa simu. Karatasi hiyo, hata ikiwa ya Kifaransa, inamwonyesha mkuu wa shule alama za namba.

Huenda umesikia kwamba kambi ya Nyarugusu, Kigoma, watoto wa Kongo wanaendelea na mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, ukatamani kuhama. Ni kweli wanaendelea nao. Lakini usiwang'oe watoto mara ya pili kwa ajili ya hilo. Kiingereza watakachokipata Uganda hakitapotea hata wakirudi nyumbani, maana Kongo yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na biashara na kazi za ukanda huu zinaendeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Wanao watakuwa na vyote viwili, na Kifaransa juu yake.

Yule kijana wa kulipwa, mwache. Mgao umepungua sana tangu WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikate msaada kwa wakimbizi wengi Uganda mwaka 2025, na mtoto mwenye njaa hashiki somo. Usiuze chakula kununua Kiingereza. Tafuta mama wengine watatu au wanne wenye watoto kama wako, mkubaliane na mwanafunzi wa sekondari awafundishe pamoja mara mbili kwa wiki, nanyi mumsaidie kwa zamu, kwa kumfulia, kumpikia anapokuja, kumchotea maji. Na mwambieni awafundishe kwa kueleza kwa Kiswahili, asije kuwakaririsha nyakati za vitenzi.

Kuhusu mizigo ya sokoni, usigombane naye. Anakuona unahangaika, baba hayupo, na yeye ni mkubwa wa nyumba. Ni aibu ya darasani pamoja na huruma kwako, vyote kwa pamoja. Mwambie Jumamosi anaweza kukusaidia kutafuta, lakini Jumatatu hadi Ijumaa ni za shule, na kwamba uamuzi huo ni wako wewe mama yake.

Nanyi walimu mnaosoma safu hii, hasa walio Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kyaka II na Kakuma: mtoto mgeni kutoka Kivu akikaa kimya, mpeni hesabu kabla ya kumpa jina. Mwambieni kwa Kiswahili, hata kama chenu ni cha kuombea maji, kwamba anaruhusiwa kuwauliza kwa Kiswahili. Wakuu wa shule, wapo walimu wa Kikongomani wenye miaka mingi ya ubao ambao leo wanalima au wanakaa tu kwa sababu vyeti vyao ni vya Kifaransa. Waiteni kama wasaidizi wa darasa. Mmoja tu ndani ya P4 ya kijana huyu angeona ile 13 chini ya 12 akajua mara moja kwamba mtoto hana tatizo lolote.

Mama, usisubiri muhula uishe. Wiki hii nenda shuleni na mtu mzima wa kukutafsiria, uombe ule mtihani wa hesabu, uulize habari ya AEP. Kisha niandikie, kwa Kiswahili chako, unieleze wamekujibu nini.